Moyo wa Nabali

Somo: 1 Samweli 25:2–38



Habari ya Nabali na Abigaili husomwa mara chache kanisani, na isomwapo mhubiri hukimbilia kwa Daudi. Leo nawaomba tumwache Daudi njiani pamoja na watu wake 400 wenye panga, tuingie nyumbani mwa Nabali. Humo alikufa baba mwenye nyumba, tena tajiri, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, na Maandiko yametueleza kwa makini jinsi kifo chake kilivyokuja.

Ilikuwa siku za kukata manyoya ya kondoo. Nabali alifanya karamu ambayo hata mfalme asingeionea haya, akala, akanywa mpaka akalewa kabisa. Mkewe aliporudi usiku alimwona hali yake, akanyamaza. Asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka, akamweleza jinsi nyumba yao ilivyonusurika kuangamizwa. Basi mstari wa 37 watuambia kwamba moyo wa mtu yule ulikufa mle kifuani, na mwili wake ukawa kama jiwe. Alilala hivyo yapata siku 10, kisha akafa. Maandiko hayatoi jina la ugonjwa. Wako madaktari waliosoma habari hii wakasema kwamba yafanana sana na kiharusi: mtu alikuwa mzima jana, leo hawezi kuinua mkono wala kusema neno.

Sasa tufikiri kwamba jambo hili limetokea Kabanga. Matangani watu wangesema nini? Wangeuliza, "Jioni ile alikula kwa nani? Nani alimwandalia?" Kisha macho yote yangemgeukia Abigaili. Mwanamke huyu alikuwa na mikate 200 aliyoitoa ghalani pasipo kumwambia mumewe. Alionekana njiani akisema na wanaume wageni. Alikuwa peke yake na marehemu alfajiri ile alipoanguka. Tena muda si mrefu akaolewa na Daudi! Ukoo ungehitaji ushahidi gani mwingine? Wangesema amempa sumu, au amekwenda kwa mganga, na shamba la migomba angenyang'anywa kabla ya matanga kuanuliwa.

Ndugu zangu, mnajua kwamba sisemi hadithi. Kwetu mtu aangukapo ghafula, kabla udongo haujakauka juu ya kaburi, twaanza kutafuta aliyemwua. Jirani hawasalimiani tena, na mjane hafunguliwi mlango. Watoto hukua wakiamini kwamba shangazi yao ni mchawi, na hata Meza ya Bwana huijia wakiwa na sumu hiyo mioyoni. Wala hakuna aliyeuliza, "Je, marehemu alipata kupimwa presha hata mara moja?"

Neno moja kwanza, maana najua msomaji mwangalifu ataniuliza. Mstari wa 38 wasema kwamba ni Bwana aliyempiga Nabali. Je, kila apatwaye na kiharusi amepigwa kwa dhambi zake? La, hasha. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu habari ya yule aliyezaliwa kipofu, aliikataa hesabu hiyo (Yohana 9). Na wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hakukubali waitwe wakosaji kuliko wengine (Luka 13). Biblia ilimhukumu Nabali kwa kuwa iliujua moyo wake. Sisi hatuijui mioyo ya wagonjwa wetu, na kazi yetu kwao ni kuwatunza.

Kwa Waebrania moyo ulikuwa mahali pa kufikiri na kuamua, si pa kupenda na kuchukia tu. Ndiyo maana Mithali 4:23 yautaja ulinzi wa moyo mbele ya ulinzi wa mambo mengine yote. Nami sitaki kuwaondoa katika maana hiyo. Lakini Mungu aliyetupa moyo ule wa ndani ndiye aliyetupa na huu wa nyama, ulio kadiri ya ngumi ya mwenyewe, upigao mara kama 100,000 mchana na usiku bila kuomba likizo. Kila dakika husukuma damu yapata lita 5. Hata sasa usomapo, wafanya kazi, nawe hukuuambia.

Damu hupita katika mishipa kama maji yapitavyo katika mpira. Maji yakisukumwa kwa nguvu iliyopita kiasi, siku nyingi, mpira hukakamaa na kuharibika. Mahali dhaifu hupasuka. Vivyo hivyo presha ikiwa juu miaka mingi, moyo huchoka, figo huharibika, na mshipa wa kichwani huziba au hupasuka, kikawa kiharusi. Na jambo la kuogopesha ni kwamba mara nyingi presha haiumi. Mtu hulima, huimba kwaya, huenda mnadani, na presha yake iko juu. Hapa kwetu watu husema, "Presha ni mawazo tu." Si kweli. Mtu asiye na wasiwasi wowote aweza kuwa nayo, na mtu wa mawazo mengi aweza kukosa. Huwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni. Hujulikana kwa kipimo cha kufungwa mkononi, nacho huchukua dakika chache. Hesabu ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikaonyesha vilevile, huyo ana presha ya juu na anahitaji matibabu.

Basi nyumba itafanya nini? Nitaanza na chumvi, maana akina mama ndio wenye funguo zake.

Zamani chumvi ilikuwa mali. Chumvi ya Uvinza ilichukuliwa vichwani mwa watu, kwa miguu, ikafika Buha na Burundi na nchi nyingine za maziwa makuu. Mama aliipima kwa ncha za vidole kwa sababu haikuwapo ya kutosha. Siku hizi ipo katika kila duka, bei yake ndogo, na mkono umekuwa mwepesi. Twatia chumvi katika maharage yakiwa jikoni, tena mezani kabla hata ya kuonja. Dagaa wamekwisha kutiwa chumvi, nasi twaongeza. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imehesabiwa ile iliyomo katika mkate na dagaa.

Nani atapima kwa kijiko kila siku? Fanyeni hivi. Nunueni pakiti ya nusu kilo, mwandike juu yake tarehe mliyoifungua. Nyumba ya watu wazima 5 ina haki ya gramu 25 kwa siku. Pakiti hiyo basi haina budi kufika siku 20 au zaidi. Ikiwa ni nyumba yenye watoto wadogo, ifike mbali zaidi, maana wao huhitaji kidogo kuliko sisi. Ikiisha siku ya 9, mmejua wenyewe. Msipunguze yote kwa siku moja, baba asije akagombana na sufuria. Punguzeni kidogo kidogo. Ulimi hujifunza katika majuma machache. Limau, kitunguu, nyanya na kitunguu saumu vitasaidia. Lakini msiiache chumvi yenye madini joto mkatafuta nyingine, maana hiyo hutukinga na rovu. Ni hiyohiyo, ila kwa uchache.

Kuna ndugu mmoja aliyenijibu kwamba Bwana Yesu alituita chumvi ya dunia. Kweli, alituita hivyo. Hakusema tuimalize yote katika chungu kimoja.

Habari ya chakula kingine sitasema mengi, kwa kuwa Mungu ametupendelea. Ndizi, maharage, viazi vitamu, mchicha, isombe, maboga, mapapai, maparachichi, njugu: mtu alaye hivi amekula chakula chema kwa moyo, naye hajatoka shambani mwake. Danieli na wenzake walikula vyakula vya mimea na kunywa maji siku 10, na nyuso zao zilipendeza kuliko za waliokula mezani pa mfalme. Ajabu ni kwamba twauza maparachichi na maharage ili tununue soda na chipsi zilizoelea mafutani. Na hapa ninyi mliookoka nanyi mnisikilize. Mmeacha pombe, Bwana asifiwe! Lakini chai yenye vijiko vinne vya sukari, na soda mbili kila arusi, nazo huingia mwilini. Unene na kisukari huufuata moyo bila kuuliza kama mtu ameokoka.

Kuhusu pombe yenyewe, Nabali amekwisha kuhubiri. Pombe ya ndizi ikinywewa kupita kiasi hupandisha presha na kuulegeza moyo, sembuse gongo. Tumbaku ni mbaya zaidi, iwe sigara ya dukani au kiko cha bibi. Hukakamaza mishipa, na moshi wake huwadhuru hata watoto walioketi karibu. Na iko tumbaku nyingine tusiyoihesabu: moshi wa jikoni. Mama apikaye juu ya mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, akiwa na mtoto mgongoni, avuta moshi saa nyingi kila siku ya maisha yake, na moshi huo hudhuru mapafu na moyo pia. Akina baba, kutoboa dirisha jikoni ni kazi ya alasiri moja. Kuni zikaushwe vema kabla ya kuwashwa. Mwenye uwezo wa jiko bora lenye bomba asingoje mpaka mama aanze kukohoa.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoendeshwa nchi nzima. Watu karibu milioni 2 walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Hawakungoja daktari aje kuwachimbia. Maadui wa siku zile walikuwa malaria, kichocho, kuhara, safura na kifua kikuu. Hawajaondoka wote, lakini adui huyu wa moyo amejiunga nao, naye haonekani kama nyasi ndefu zionekanavyo. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba hukutana tayari. Yatosha kuongeza jambo moja katika maombi yetu, nalo ni kuulizana: nani amepimwa, nani bado.

Kuhusu kutembea, mkulima hana haja ya mahubiri. Jembe lamtosha. Nasema na sisi wa dukani, wa ofisini, wa mpakani na wa bodaboda. Yashauriwa mtu mzima auchangamshe mwili walau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5, kwa mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu. Vilima vyetu havitozi kiingilio. Kwenda ibadani kwa miguu na kurudi ni mwanzo mwema, hata pikipiki ikikuita njiani.

Sasa nataka kukaa kidogo katika neno la watoto, kwa sababu wengi hudhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee na matajiri. Sivyo. Uko ugonjwa wa moyo unaoanzia kooni mwa mtoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupata homa na koo kuuma, anashindwa kumeza. Twamwambia ni mafua, yatapita. Mara nyingi hupita kweli. Lakini koo lingine huwa na vijidudu ambavyo visipotibiwa, baada ya majuma mawili au matatu mtoto aweza kuanza kuumwa viungo: leo goti limevimba, kesho kiwiko. Tena hayo nayo hupita, nasi twashukuru. Kumbe ugonjwa umeshuka moyoni, ukazila zile valvu zifunguazo na kufunga njia za damu. Miaka hupita. Binti huyo huolewa, na katika mimba yake ya kwanza hawezi kupanda kilima, hupumua kwa shida akilala chali, miguu inavimba. Hapo majirani huanza tena: nani amemroga?

Yote hayo yangaliweza kuzuiliwa kwa dawa ya penisilini, iliyo rahisi na ya siku nyingi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati, na akipewa dawa amalize dozi yote, hata akianza kucheza siku ya pili. Asipelekwe kukatwa kimeo! Kukata kimeo hakuponyi koo, na watoto wamepoteza damu na uhai kwa kisu kile. Na mtoto ambaye daktari amekwisha kusema moyo wake umeguswa, huyo ana sindano yake ya penisilini kila baada ya majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Mzazi asichoke. Valvu ikiisha kuharibika kabisa, dawa hizi hazitairudisha. Patahitajika upasuaji, kama ule ufanywao katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2015. Twamshukuru Mungu kwamba upasuaji huo sasa hufanyika nchini mwetu. Lakini kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na zahanati iko karibu.

Wako watakaosema, "Mimi nimeombewa, nimeacha vidonge." Ninawaonya kwa upendo. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Someni 2 Wafalme 20 mwone yaliyofuata: nabii Isaya, akiwa amekwisha kuleta jibu la Mungu, aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Jibu la maombi lilikuja pamoja na dawa, wala nabii hakuona kwamba imani imepungua. Luka mwandishi wa Injili alikuwa tabibu. Na waliotuletea Injili katika nchi hii ya Ngara hawakujenga kanisa peke yake. Hospitali ya Murgwanza ipo mpaka leo mikononi mwa Dayosisi yetu. Vidonge vya presha kwa kawaida humezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima, maana ni vidonge vilivyokufanya ujisikie hivyo. Asiyeviweza, vikimletea kizunguzungu au kikohozi, arudi kwa mganga wa hospitali abadilishiwe. Asijiamulie mwenyewe.

Turudi kwa Nabali. Mstari wa 17 wanionea kuwa mzito kuliko karamu yake. Mtumishi wake alisema kwamba bwana wao ni mtu asiyeweza kuambiwa neno. Basi nyumba nzima ilijua hatari inakuja, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenye nyumba. Akina baba, hebu tujiulize: je, mke wangu aweza kuniambia, "Baba fulani, twende ukapimwe," nisimjibu kwa ukali? Je, mwanangu aliyesoma aweza kuniambia niache sigara? Hasira yenyewe hupandisha presha kwa muda, hilo ni kweli. Lakini hasira huua kwa njia nyingine pia, kwa kuwafunga vinywa wale wanaotupenda. Mtume Paulo katika Waefeso 4 hakutaka tulale nayo hata usiku mmoja.

Nanyi akina mama, mwangalieni Abigaili. Hakusema na mlevi usiku. Alingoja asubuhi. Na alipokwenda kwa Daudi hakwenda na maneno matupu, alitanguliza mikate na zabibu kavu na mikate ya tini. Yule asiyetaka kusikia habari ya kipimo, pengine atasikia baada ya chai, mkiwa wawili, bila shemeji wala wakwe, na pengine atakubali ukimwambia, "Tuende wote, mimi nianze." Wanaume wengi wamefika zahanati kwa njia hiyo. Aliyefikisha miaka 40 apimwe walau mara moja kwa mwaka, na ambaye baba au mama yake alipatwa na kiharusi aanze mapema zaidi.

Mwisho, mjue la kufanya siku mbaya ikija. Mtu akisikia kifua kinabanwa kama kimewekewa jiwe, maumivu yakielekea mkono au taya, jasho la baridi likimtoka, huo ni moyo. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikorogeka, hicho ni kiharusi, hata kama baada ya nusu saa amerudi kuwa mzima. Msimchanje chale. Msimpe chai wala uji, maana huenda hawezi kumeza na vitamwingia mapafuni. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, mlazeni ubavu. Tafuteni gari wakati uleule, msingoje kuche, wala msimngoje mkubwa wa ukoo aje atoe ruhusa. Anayemsindikiza achukue na vidonge vyote alivyokuwa akimeza. Na mtu mmoja aandike saa dalili zilipoanza, kwa kuwa daktari ataiuliza.